Stetimenti yangu na viza ya Ureno

Juzi nimekaa kibarazani Sinza, umeme umekatika, kompyuta imebaki na chaji asilimia 9, na mteja wangu wa Berlin anasubiri kazi. Nikasema basi, nahama.

Ureno wana viza ya D8 kwa sisi wa kufanyia kazi mtandaoni, ilianza Oktoba 2022. Kipato cha mwezi kinatakiwa kifike mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa kwao. Mwaka 2024 hiyo ilikuwa yuro 3,280. Nikatoa stetimenti ya benki ya miezi mitatu, nikaisoma nimesimama. Mwezi wangu mnono ulikuwa dola 2,150, na chini yake makato ya kutuma na kutoa yamejipanga kama sisimizi.

Namibia ni afadhali: kipato cha dola 2,000 za Marekani kwa mwezi na bima ya afya, unapewa miezi sita. Hapo naingia kwa kubanana, kama daladala ya Mwenge jioni. Tatizo ile miezi mingine miwili, mmh.

Dada akachungulia. "Sasa miezi sita ikiisha si unarudi hapahapa, kaka? Nunua inveta ya umeme."

Fomu ya Namibia bado iko wazi kwenye simu. Ila kesho napita Kariakoo, kuulizia bei tu.