Jinsi nilivyoirudisha Arena yangu ndani ya Linux

Usaidizi wa Windows 10 ulipokoma Oktoba 2025, laptopu yangu ya mwaka 2012 haikuwa na pa kwenda ila Linux. Nikaweka Ubuntu, toleo mojawapo la Linux, na kila kitu kikahama salama isipokuwa kitabu changu cha ufunguzi wa sataranji, yaani mkusanyiko wa hatua za kuanzia mchezo. Nilikijenga kwa miaka ndani ya Arena, programu ya ubao wa sataranji, mstari kwa mstari, sehemu kubwa Caro-Kann, ufunguzi wa upande wa weusi, nacho kimehifadhiwa kwenye faili la ABK, aina ambayo programu nyingi za sataranji za Linux hazifungui. Arena ina toleo la Linux pia, nikalijaribu, lakini nilitaka ileile ya Windows niliyoizoea. Ndipo nikaiendea Wine.

Wengi huiita Wine kiigizi (emulator) cha Windows, na jina lake lenyewe linakataa: ni kifupisho cha maneno yanayosema kwamba Wine si kiigizi. Tangu 1993 kazi yake ni kupokea maombi ya programu ya Windows, kama vile kufungua faili au kuchora dirisha, na kuyageuza kuwa maombi ambayo Linux inayaelewa. Hesabu zinabaki kwa prosesa halisi. Kwa sisi tunaochambua michezo hilo ndilo la maana kuliko yote, kwa sababu injini kama Stockfish, programu inayokokotoa hatua bora, inaishi kwa kasi, na kuigiza prosesa nzima kungeimeza kasi hiyo.

Arena yenyewe ilifunguka siku ya kwanza. Ubao ukaonekana, kete zikasogea, kitabu kikasomeka kupitia diski Z, ambayo ndani ya Wine ndiyo mlango wa mafaili yote ya Linux. Ila nikiiunganisha Stockfish, kimya. Jioni mbili nikapekua mipangilio ya Arena, kumbe Arena haikuwa na kosa lolote.

Kilichonifungua macho ni kukumbuka kwamba ubao na injini ni programu mbili tofauti. Zinazungumza kwa maandishi ya kawaida, kwa utaratibu wa UCI ambao Stefan Meyer-Kahlen na Rudolf Huber waliutoa mwaka 2000. Basi injini inaweza kuhojiwa peke yake. Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaiendesha Stockfish ya Windows kupitia Wine bila Arena, nikiwa tayari kuandika neno moja, uci. Injini nzima hujibu kwa jina lake na orodha ya mipangilio, kisha humalizia na uciok. Yangu haikufika hata hapo. Ujumbe ulisema folda ya Wine, ambamo Wine huweka mazingira yake ya Windows, ni ya biti 32, haiwezi kuendesha programu za biti 64. Nilikuwa nimeitengeneza hivyo makusudi, kwa kuwa Arena ni ya biti 32, nikasahau kwamba injini ni ya 64. Folda ya biti 64 inabeba zote mbili. Nikanakili kitabu changu pembeni kwanza (usiguse chochote kabla ya hapo!), nikaifuta ile folda na kuunda nyingine.

Nikaiendesha injini tena, nayo ikaanguka papo hapo kwa kosa la amri isiyojulikana na prosesa. Hili nililielewa haraka zaidi. Nilipakua Stockfish iliyoandaliwa kwa AVX2, amri ambazo Intel ilizileta na prosesa za Haswell mwaka 2013. Prosesa yangu ni ya kizazi kilichotangulia. Lscpu, amri ya Linux inayoonyesha sifa za prosesa, ilinithibitishia kwamba inayo AVX ya awali pekee, si AVX2. Nikapakua ile iliyoandikwa sse41-popcnt, isiyohitaji AVX2, nikaiendesha mara ya tatu, nikaandika uci, na uciok ikatokea.

Baada ya hapo Arena ilihitaji dakika chache tu: kuongeza injini mpya, kuchagua UCI, kuipa kumbukumbu ya megabaiti 1024 badala ya 16 inazoanza nazo. Nikalinganisha pia kasi kwa bench, amri ya Stockfish ya kujipima, mara moja ndani ya Wine na mara moja kwa Stockfish ya Linux yenyewe. Tofauti ilikuwa ndogo mno kunisumbua.

Usiku ule nikasogeza e4 upande wa weupe. Kitabu kikajibu c6. Nikaenda d4, kikajibu d5, kama nilivyokifundisha.