Valvu imekauka kabisa!

Leo tumefunga tangi jipya la presha kwa boila ya nyumba moja huku Karen, Nairobi, ile ya kupasha redieta za kuleta joto vyumbani, na hii baridi ya Julai imewatesa sana wenye nyumba.

Sefti valvu, ile inayoachia maji presha ikizidi, ilikuwa inamwaga kila boila ikiwaka, wakawa wanabadilishiwa valvu tu.

Maji yakipata moto yanafura, karibu asilimia 4 hadi yachemke, lazima yapate pa kwenda. Ndani ya tangi kuna raba, huku maji, huku hewa inayobonyea maji yakifura.

Nikapima hewa kabla ya kufunga, nikaiweka baa 1 (kipimo cha presha), sawa na presha ya maji baridi. Mafundi wengi wanaruka hapo na inaniuma jamani.

Tukawasha. Geji ikapanda polepoleee, ikatulia 1.5. Hakuna tone!

Mafundi wenzangu, nyinyi mnapima hewa ama mnaamini ile ya kiwandani?