Safari ya Rabat: kuwafuata wasichana wetu wa futsali

Ndege yangu iliondoka Dar es Salaam Jumatatu, tarehe 28 Aprili 2025, siku ile ile wasichana wetu walipokuwa wanacheza nusu fainali na Cameroon mjini Rabat. Tiketi nilikuwa nimeikata mara tu walipovuka kundi lao, lililokuwa na Senegal na Madagascar. Pesa yote ya kikoba iliishia humo. Mama aliponiuliza nikienda nikakuta wametolewa itakuwaje, nilimjibu kwamba nitawapungia mkono wakipanda basi la kurudi, nao watajua kuna mtu aliwafuata.

Mimi ni mwalimu wa michezo shule ya sekondari, Mwanza. Nilikulia kwenye chandimu, mawe mawili huku na mawili kule, wavulana kumi na mimi peke yangu. Kwa hiyo niliposikia kuna timu ya taifa ya wanawake ya futsali, mpira wa miguu wa watano kwa watano, kiwanja kidogo, ndani ya ukumbi, moyo wangu ulijua kabla ya akili kwamba hawa ni wangu. Mashindano yenyewe yalikuwa mapya kwa bara zima. Hilo ndilo lilikuwa Kombe la Mataifa ya Afrika la futsali la wanawake la kwanza kabisa, timu tisa tu, na zitakazofika fainali zote mbili zinapata nafasi ya Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, Ufilipino, mwezi Novemba.

Tulitua Doha usiku. Nilipowasha simu, ujumbe wa mdogo wangu, anayesoma chuo Rabat, ulikuwa wa kwanza kuingia: "Dada, tumeingia fainali. Ufilipino tunaenda." Niliusoma nimesimama katikati ya watu wanaokimbilia ndege zao, nikakaa chini palepale sakafuni, begi mapajani, nikalia. Mama mmoja wa Kisudani akaniinamia akidhani nimefiwa. Nikamwonyesha bendera. Sijui alielewa nini, ila alinishika mkono mpaka nikanyamaza.

Kutoka Doha mpaka Casablanca ni safari ndefu kuliko ile ya kwanza. Nikiwa macho muda wote nilimfikiria mwalimu mwenzangu, Juan Carlos Ceriani, aliyekuwa akifundisha michezo YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, mjini Montevideo, Uruguay. Mwaka 1930 Uruguay ndiyo kwanza imetwaa Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, kila mtoto anataka mpira, na yeye ana ukumbi tu. Akaazima wachezaji watano kutoka mpira wa kikapu, vipimo vya kiwanja na goli kutoka mpira wa mikono, na mambo ya kipa kutoka polo ya majini. Basi futsali ikazaliwa. Wanaume walipata Kombe la Dunia la futsali la FIFA mwaka 1989 kule Uholanzi, Afrika ikiwakilishwa na Algeria na Zimbabwe. Wanawake wamesubiri miaka 36 zaidi. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Stesheni ya treni iko chini ya uwanja wa ndege wenyewe. Unashuka ngazi, unapanda treni, unabadilisha Casa Voyageurs, halafu unaelekea Rabat, bahari ya Atlantiki ikichungulia upande wa kushoto kati ya nyumba na mashamba. Mdogo wangu alikuwa ananisubiri Rabat, stesheni ya Agdal. "Shikamoo, dada." "Marahaba." Dereva wa teksi, zile ndogo za rangi ya buluu, aligeuka akacheka na kusema "marhaba, marhaba", karibuni. Neno moja, kwake ni la kumkaribisha mgeni, kwetu ni la kumwitikia mdogo. Njia nzima hao wawili walikuwa wakiyapanga maneno tunayochangia: kitabu, sabuni, wakati, sukari. Jioni tulikunywa harira ya dengu na nyanya, kisha chai ya nanaa, nikalala kama gogo.

Jumatano, siku ya fainali dhidi ya Morocco, tulifika mapema kwenye ukumbi wa Prince Moulay Abdellah. Pembeni yake winchi zilikuwa zinajenga upya uwanja mkubwa, vumbi jekundu limetanda mpaka kwenye viatu vyetu. Ndani, sakafu inang'aa kama sinia. Mita 40 kwa 20. Watanzania tulikuwa wachache, wengi wanafunzi, tukajibana kona moja na bendera yangu ikawa ya wote. Waliobaki walikuwa Wamoroko, na nchi ile inaujua mchezo huu: wanaume wao ni mabingwa wa Afrika mara tatu mfululizo, 2016, 2020 na 2024.

Tulimaliza tukiwa tumefungwa 3 kwa 2. Sitasimulia goli moja moja, mengi yameshaandikwa. Nataka kusimulia nyayo.

Nilikuwa nimekaa karibu na mstari kiasi cha kusikia soli zikilia sakafuni, ule mlio mkali wa raba kukwaruza mbao. Kila walipopata nafasi, wachezaji walikuwa wanapangusa soli kwa kiganja ili zishike. Halafu mpira ukija, hawaupokei kwa ndani ya mguu kama tulivyofundishwa kwenye nyasi. Wanaukanyaga. Unyayo unashuka juu ya mpira, mpira unafia palepale, na unyayo huohuo unauvuta nyuma, adui anapita na hewa. Mpira wenyewe ni mdogo na mzito kwa namna yake. Ukiuangusha kutoka mita mbili hauruki zaidi ya sentimita 65. Kwenye chandimu yetu ukikanyaga mpira ulipigiwa kelele: acha maringo, cheza! Kumbe ndiyo alfabeti ya mchezo huu.

Nilimtazama dada mmoja wetu katika kipindi cha pili. Amebanwa kwenye kona na wawili, mgongo kwao. Akaukanyaga. Akasubiri. Nikaona kidole chake cha mkono kikimwonyesha mwenzake pa kukimbilia, chini kabisa, karibu na paja, kama mtu anayemtuma mtoto dukani bila wageni kujua. Kisha akauvuta kwa soli, akautoa katikati ya miguu ya wale wawili. Pasi haikuzaa goli. Lakini niliruka nikamkumbatia mtu nisiyemjua, maana nilijua kitu kile hakiji kwa bahati, kinakuja kwa kurudia mara elfu.

Na uchovu nao niliuona. Saa inasimama kila mpira unapotoka, kwa hiyo dakika 20 za kila kipindi ni dakika 20 kweli. Wanaingia na kutoka bila kumwomba mwamuzi, mmoja akivuka mstari mwingine anaingia, wanakaa benchi vifua vikipanda na kushuka, wanarudi tena. Filimbi ya mwisho ilipolia, wengine walijilaza palepale kifudifudi. Sisi kwenye kona tuliimba "Tanzania, Tanzania, nakupenda kwa moyo wote" mpaka sauti ikakauka, na baadhi yao wakainuka, wakaja upande wetu, wakapiga makofi wakitutazama. Mdogo wangu, ambaye hapendi mpira, alikuwa anafuta macho kwa ncha ya bendera.

Nilirudi Mwanza baada ya siku tatu. Jumatatu iliyofuata, kabla ya kengele ya kwanza, nilikuwa kwenye kiwanja chetu cha netiboli na futi ya kamba. Saruji imepasuka upande mmoja. Kwa mechi zisizo za kimataifa, sheria za futsali zinataka kiwanja kiwe na upana usiopungua mita 16. Chetu kina mita 15 na robo. Sentimita 75 tu! Fundi amesema akivunja ule ukingo wa maua na kumwaga zege zinapatikana, na mkuu wa shule amekubali maua yahamishwe.

Hatukungoja zege. Wasichana kumi na wawili wa kidato cha pili walibaki baada ya vipindi, wengine kwa raba, wengine pekupeku. Tuna mpira mmoja, tumeupunguza upepo ili usiruke. Niliwapanga mstari, nikamsukumia wa kwanza polepole.

"Mwalimu, nipokee na nini?"

"Ukanyage."

Akanitazama, akatazama wenzake, akainua mguu wenye vumbi, akaushusha. Mpira ukasimama.

"Haya," nikamwambia, "sasa uvute."