Nilinunua sola kwa jua la Agosti, Aprili ikanikuta Tukuyu

Betri yangu ya kwanza ilikufa mwezi wa nne. Aliyewahi kukaa Tukuyu hatashangaa. Ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote huku kwetu, ukungu unashuka kutoka mlima Rungwe tangu alfajiri, na unaweza kumaliza siku nzima hujaona kivuli chako.

Mfumo wenyewe niliununua Agosti 2022, kiangazi, anga nyeupe. Nauza maziwa na mtindi nyumbani, nina friza ya lita 200, na umeme ulikuwa unakatika hovyo. Siku moja nilimwaga lita 40 za mtindi, na lita nilikuwa nauza 2,000. Nikapanda gari kwenda Mbeya mjini nikiwa bado na uchungu wa ile hasara, nikaingia duka la kwanza, nikapangiwa vitu: paneli 2 za wati 150 kwa 330,000, betri ya N200 kwa 480,000, inveta ya wati 1,000, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo, kwa 180,000, kontrola ya kuongoza chaji ya betri 35,000, waya na vikorokoro 120,000, fundi 80,000. Jumla 1,225,000. Hakuna aliyeniuliza nyumbani kwangu nawasha nini, nami sikujua kwamba hilo ndilo swali lenyewe.

Miezi mitatu ya mwanzo nilijiona nimepata. Mvua zilipoanza, inveta ikawa inapiga kelele saa 5 usiku. Februari ikawa inalia saa 2, watoto hawajamaliza hata kazi za shule. Aprili betri ikavimba ubavuni na ikakataa kabisa kushika chaji.

Nilikaa bila kitu hadi Juni, shemeji akaniletea fundi kutoka Uyole. Huyu hakupanda juu ya bati kwanza. Aliomba kuona betri, akaiangalia kidogo, akasema, "Dada, hii ni betri ya lori. Kazi yake ni kupiga stata ya Fuso, sekunde chache tu, basi. Wewe umeilisha friza usiku kucha." Akanieleza kuwa betri za asidi ukizishusha chini ya nusu kila siku, hazidumu. Kwa hiyo N200 yangu, ambayo kwa maandishi ina uniti 2.4 (volti 12 mara ampia 200 za saa moja ni wati 2,400, na uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja), kwa kuitunza ilikuwa inanipa uniti 1.2 tu.

Saa 6 mchana, jua limewaka vizuri, akashusha paneli moja na kuigusisha kwenye mita yake. Kibandiko cha nyuma kilisema ampia 8 na kitu. Mita ilisoma 5.4. Nilikuwa nimelipia wati 150 nikapewa kama 100. Tangu siku hiyo sinunui paneli bila kuitoa nje ya duka ikapimwa juani mbele ya macho yangu, na muuzaji akikataa naondoka.

Halafu akanipa kazi ya wiki nzima, na kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko vifaa vyote. Nilitakiwa kuzima kila kitu isipokuwa friza, nisome uniti kwenye rimoti ya LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, saa 2 usiku, nisome tena saa 12 asubuhi, niandike kwenye daftari. Usiku wa kwanza zilitoka uniti 0.42. Wa pili 0.40. Usiku niliotia maziwa ya moto moto kutoka kukamuliwa, 0.61. Kwa saa 24 friza ilikuwa inakula uniti 1 hivi. Taa sita za wati 7 kwa saa nne, 0.17. Televisheni na king'amuzi, 0.24. Simu, 0.08. Kilichonishtua ni inveta. Hata usipowasha chochote, yenyewe inakunywa. Ya kwangu ilikunywa kama wati 17, na kwa usiku na mchana hiyo ni uniti 0.4, zaidi ya televisheni.

Jumla ikaja karibu uniti 1.9 kwa siku. Sasa tazama upande wa pili. Paneli zangu, hata tungezihesabu kama zilivyoandikwa, wati 300, kwa jua la Agosti lenye nguvu kwa muda wa saa tano kwa siku, na ukiondoa kinachopotea njiani, zingeleta kama uniti 1.1. Aprili jua lenye nguvu unalipata kwa muda wa saa mbili tu kwa siku, ukibahatika. Hapo hata nusu uniti haifiki. Mfumo wangu ulikuwa umeshindwa siku niliyoununua, Agosti yenyewe; kiangazi kilinificha tu.

Mwishoni mwa 2023 mgao wa umeme ulipobana nchi nzima nikaamua kuanza upya, safari hii kwa hesabu ya Aprili. Nikamwambia fundi nataka betri kubwa ya kubeba friza usiku. Akanipigia bei, nikanyamaza. Ndipo akauliza kwa nini nalilisha usiku sanduku ambalo kazi yake ni kutunza baridi. Friza iliyojaa barafu, usipoifungua, inakaa hata siku mbili bila umeme. Iliyo nusu tupu haizidi siku moja hivi. Mtindi wangu ule uliharibika kwa sababu friza ilikuwa na nafasi, nami nilikuwa naifungua kila mteja akibisha hodi.

Basi nikajaza chupa za maji za lita 5 na lita moja na nusu kwenye kila nafasi. Mtindi wa kuuza mchana nikautenga kwenye kasha la plastiki lenye barafu, ili friza isiguswe. Friza ikabaki kwenye umeme wa kawaida, na umeme ukikatika inaunganishwa na sola mchana tu, jua likiwepo. Usiku inalala. Uamuzi huo mmoja ulinipunguzia betri nusu nzima.

Pesa ilitoka kwenye mgao wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka akiba, na kwa kuuza fahali mmoja. Betri ya lithiamu ya volti 24 na ampia 100 nilinunua 1,900,000. Inveta ya wati 3,000 yenye kontrola ya MPPT ndani yake, ile inayovuta nguvu zaidi kwenye paneli, 950,000. Paneli 2 za wati 550, 580,000. Waya mnene, breka, chenji ova (swichi ya kuchagua umeme wa nguzo au wa inveta, usikutane), nondo ya erthi na kinga ya radi 310,000. Mbao na vyuma 90,000, kirikuu kutoka Mbeya 40,000, fundi 200,000. Jumla 4,070,000. Paneli tulizisafirisha zimesimama, zimefungwa blanketi. Ukizilaza mtu akazikalia, kioo kinaweza kubaki kizima huku vipande vya ndani vimepasuka usivione.

Paa lilitupa kazi. Kila paneli ina uzito wa karibu kilo 28, na fundi alipogonga kenchi mbili zikatoa sauti ya uozo, mvua ya miaka. Tukazibadilisha. Skrubu alizipitisha mgongoni mwa bati, si bondeni maji yanapopita, kila moja na raba yake. Akaacha nafasi ya kama sentimita 10 chini ya paneli hewa ipite. Tukazielekeza kaskazini kwa mlalo wa kiasi, maana sisi tuko kusini ya ikweta.

Kikwazo kilikuwa mparachichi wa mama mkwe. Kuanzia saa 9 alasiri kivuli cha tawi moja kilikuwa kinagusa pembe ya paneli, na zikiwa zimeungwa kwa mfululizo, pembe hiyo moja inazirudisha nyuma zote mbili. Nilimwita aje aone kwenye kioo cha inveta. Wati 610. Shemeji akavuta lile tawi kwa kamba. Wati 840. Mama akatazama namba, akatazama mti wake. "Mwanangu, hilo tawi likatwe. Lile la upande wa jiko msiliguse, ndilo linalozaa." Ndaga fijo, asante sana, mama.

Chenji ova naomba usiiruke hata kama pesa imekuishia. Bila hiyo, umeme wa inveta yako unaweza kurudi kwenye nguzo, na kule juu kuna kijana anayerekebisha waya akijua hauna moto.

Kuhusu kuokoa pesa nitasema kweli. Uniti kwa matumizi ya kawaida ni kama shilingi 356. Nikipunguza uniti 1.5 kwa siku, ni 16,000 kwa mwezi. Kwa mwendo huo milioni nne zitarudi baada ya zaidi ya miaka 20, na betri haitafika huko. Mwenye umeme wa uhakika anayetaka tu kupunguza LUKU, pesa yake aiweke kwingine. Mimi nilinunua mtindi usiomwagika na watoto wasiosoma kwa tochi ya simu. Kiangazi kunakuwa na ziada, basi pasi napiga saa 6 mchana, jua likiwa utosini.

Aprili ya kwanza na mfumo mpya mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na umeme ukakatika saa 31. Usiku wa pili wa mvua hiyo betri ilisoma asilimia 34. Nikazima televisheni, nikaacha taa tatu. Asubuhi ilikuwa asilimia 27, na kufikia saa 7 mchana, mawingu yakiwa bado yametanda, ikawa imepanda hadi 41. Umeme uliporudi jioni nikafungua friza kwa mara ya kwanza. Chupa za juu zilikuwa zimeanza kulegea pembeni. Za chini bado zilikuwa jiwe.