Nani anakudai?

Mama ametolewa mtoto wa jicho salama, Shufaa hatimaye kaposwa (ya mahari msiniulize), lakini kichwani mwangu wiki nzima hakuna jingine ila yule mama wa jikoni Makindu.

Mnajua safari zetu za Nairobi: hatupiti hekalu la Kalasinga bila kusimama. Gurdwara ile ipo pale tangu 1926, na msafiri yeyote, wa dini yoyote, huvua viatu, akafunika kichwa, akala. Chapati, dengu, chai. Hakuna anayekudai senti. Nikashiba, nikatia noti kwenye sanduku, nikaona haitoshi, nikaenda kwenye karo kuosha sahani. Si zangu tu, hata za watu nisiowajua. Si ndiyo seva hiyo, kuhudumia watu bila malipo, anayotuhimiza mwalimu wa yoga kila Jumamosi?

"Mwanangu," yule mama akasema, hata hakunitazama, "nani anakudai?"

"Hakuna, mama. Nasaidia tu."

"Mbona waosha kama mwenye deni?"

Wifi Rehema alicheka mpaka Mtito Andei.

Nimelirudia neno lile kwa kila sauti: ya mzaha, ya kejeli, ya mtu aliyechoka na wageni. Majibu nimeyatunga, tena mazuri, basi tu yamechelewa. Kwamba mimi ni mtu wa Pwani, na kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Bibi akiletewa mbaazi, sahani itarudi na mahamri, hata yakiwa mawili. Hilo nalo ni deni?

Hapo kwa bibi ndipo nilipoanza kucheka peke yangu. Sahani za watu zilikaa kwake hadi wenyewe wakazifuata! Alikula mbaazi zao kwa raha zake, akasifu nazi, na mahamri yakaja siku aliyojaaliwa unga. Mwenye daftari la michango ya harusi ni mimi: fulani alinitolea elfu mbili, nami nimpe elfu mbili, isizidi, isipungue.

Mwezi huu darasani tuko kwenye asteya, kutokuiba, mojawapo ya yama tano, yaani miiko, za Patanjali, yule mwanahekima wa kale wa yoga. Anasema aliyesimama imara katika kutokuiba, vito vyote humjia. Nami nilikuwa nikiuliza: sijamwibia mtu, mbona vito sivioni? Sasa nawaza, mtu akikupa nawe ukakimbilia kulipa kabla hajaonja furaha ya kutoa, hujamchukulia kitu? Gita nayo, kile kitabu kitakatifu cha Wahindu, yasema kutenda ni haki yako, matunda siyo. Kumbe pale kwenye karo nilikuwa nanunua chapati ambazo nilishapewa! Na jiko lile likilisha watu kabla mama yangu hajazaliwa.

Hata hivyo angeweza kuniambia kwa upole.

Gari nalo, tangu Voi lalia gurudumu la mbele kushoto, fundi wangu yuko mazishini Kakamega, na Jumatatu Salim arudi bweni.