Umeme na zile sekunde 31

Nilikuwa na mchezaji wa hoki ya barafuni, wangu mwenyewe, na hadi leo sijawahi kuvaa viatu vya barafu.

Ilikuwa Winnipeg, Februari 2019. Nililinda ghala usiku pamoja na mzee mmoja wa hukohuko Kanada, mstaafu aliyechoka kukaa nyumbani. Nje nyuzi 30 chini ya sifuri, ndani sisi wawili, chupa ya kahawa na luninga ndogo. Mwaka uliotangulia timu ya mji, Winnipeg Jets, walikuwa wamefika fainali ya kanda ya Magharibi, mji mzima umevaa nyeupe, na mzee alikuwa bado hajapoa. Tukitazama mechi ananikemea: "Acha kukitazama kisahani. Mtazame 17." Kisahani ndicho mpira wao.

Jezi 17 ni Adam Lowry, senta, pande la mtu. Magoli yake hayakuwa mengi. Kila nyota wa timu pinzani alipoingia barafuni, Lowry na wenzake wawili waliingia naye, na usiku wa yule nyota ukaharibika. Siku ya tatu nikamwambia mzee, huyu namjua. Kwetu anaitwa namba sita. Kiungo mkabaji. Mkata umeme.

Ndipo akanipeleka kwenye ligi yao ya kuigiza. Kila mtu anaunda mchezaji mmoja tu, anampa jina, anamkuza kwa alama anazochuma kila wiki kwa kazi ndogondogo: kutabiri matokeo, kuchora jezi, kuandika makala kuhusu mchezaji wake. Mechi zenyewe zinachezwa na programu ya kompyuta, wewe unasoma mstari kwa mstari kilichotokea. Wangu nikamwita Mkata Umeme. Jina la kwanza likawashinda, wakabaki na Umeme. Basi nikawa na mchezaji anayeitwa Umeme ambaye kazi yake ni kuukata. Mtu aliyekulia Dar na mgao anaelewa kwa nini nilicheka peke yangu.

Kumjenga kulikuwa kama kugawa mshahara mdogo. Kupandisha sifa kutoka 10 kwenda 11 ni bei ya karanga. Kutoka 16 kwenda 17 unalia. Washambuliaji wote walinunua mbio na mkwaju. Mimi nikamfuata Patrice Bergeron wa Boston, ambaye wakati huo alikuwa ameshachukua tuzo ya Selke, ile ya mshambuliaji anayekaba kuliko wote, mara nne, sawa na Bob Gainey wa Montreal aliyeibeba mfululizo 1978 hadi 1981. Nikanunua kujipanga. Nikanunua kuzuia mashuti kwa mwili, na kunyang'anya kwa gongo. Na juu ya yote nikanunua kugombea kisahani: mwamuzi anakidondosha kati ya masenta wawili walioinama, anayekiwahi timu yake ndiyo inaanza na mali. Mzee alisema senta anayeshinda hiyo kwenye nusu ya timu yake ameshakaba kabla hajaanza kukaba.

Umeme akawa ukuta. Lakini wiki zikapita bila goli. Wenzangu kwenye timu wakawa wananitania, kila mtu na magoli yake, mimi nahesabu mashuti yaliyompiga mbavuni. Nikiwa na alama 14 mkononi, mzee akaniambia ziende kwenye pumzi, kwa sababu pumzi ya Umeme ilikuwa 9 na kocha alikuwa akimtumia kama punda. Nikamwitikia. Nilipofika nyumbani nikaziweka zote kwenye mkwaju.

Sitasema uongo, ilikuwa raha. Wiki hiyohiyo akafunga. Nilimpigia simu kaka yangu Temeke kumwambia nimefunga goli, akaniuliza lini nimepona goti.

Kisha ikaja mechi ya saba ya nusu fainali. Sisi tumeshinda tatu, wao tatu, atakayeshinda hii anaendelea. Iliendeshwa saa nane usiku kwa saa zetu, nikiwa zamuni, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya kahawa. Umeme alifunga goli la kwanza. Nikamtazama mzee, mzee akatazama luninga iliyokuwa imezimwa.

Hadi dakika ya mwisho tunaongoza 2-1. Wapinzani wakamtoa golikipa, wakawa sita kwa watano wetu. Kwa kawaida wachezaji wa mbele hukaa barafuni chini ya dakika moja, wanatoka, wanaingia wengine. Umeme alikuwa ameshakaa dakika moja na sekunde 20. Beki wetu, kwa kuchanganyikiwa, akakifyatua kisahani kutoka nusu yetu hadi nyuma ya goli lao. Wao wanaita aisingi, na adhabu yake mbili: mnarudishwa mbele ya goli lenu, na walio barafuni hawaruhusiwi kubadilishwa.

Mzee alisema neno moja ambalo siliandiki hapa.

Zimebaki sekunde 31. Mstari ukatokea: kugombea kisahani, kushoto kwa golikipa, Umeme anashindwa. Usiku ule alikuwa ameshinda 16 kati ya 22. Hiyo ikawa ya 23. Sekunde 26, shuti la beki, Umeme anazuia kwa mwili. Nikasimama. Nilizinunua zile mbavu kwa alama zangu mwenyewe. Sekunde 22, pasi inapita mbele ya goli, Umeme amechelewa kuinuka. Goli.

Nilikaa nikiutazama huo mstari. "Amechelewa kuinuka." Programu haina huruma wala chuki, ilisoma ile 9 niliyoiacha pale.

Dakika ya saba ya muda wa nyongeza wakatumaliza. Umeme hakuwemo barafuni, alikuwa benchi anapumua.

Mzee hakusema "nilikwambia". Alimimina kahawa, akanisogezea kikombe, akatoa kalamu akapiga hesabu kwenye daftari la zamu, ukurasa wa malori. "Kumi na sita kati ya ishirini na tatu," akasema. "Karibu asilimia sabini. Kwenye hoki ya kweli mtu akifikisha sitini msimu mzima wanamvulia kofia." Halafu akavaa koti, tukatoka kuzunguka ghala, theluji inalia chini ya viatu, na hakuna aliyeongea hadi mlango wa nne.

Jumatatu nikapata alama sita. Nikazifungua mbele yake, nikaziweka pumzi, zote.

"Na mkwaju?" akauliza.

"Mkwaju wameshauona, mzee wangu."

Nilisema kwa Kiswahili. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa.