Kabla ya kumleta mbwa kwenye chanjo ya kichaa

Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na vituo vingi vya mifugo huchanja kipindi hicho. Mbwa aje na mnyororo. Paka aje ndani ya kapu lenye mfuniko. Akichoropoka kwenye foleni ya mbwa, hakamatiki tena.

Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi 3. Akiwahishwa, kinga aliyonyonya kwa mama inaweza kuizima chanjo, kwa hiyo lazima arudiwe. Marudio ya kawaida hufuata baada ya mwaka mmoja. Chanjo huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, kwa hiyo mchanjaji anayetoa chupa mfukoni tunashauri umkatalie.

Mtu akiumwa, osha jeraha hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, paka iodini, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Pilipili na mafuta ya taa huchubua tu. Wengi hukimbilia kumuua mbwa, kumbe akifungiwa siku 10 akabaki mzima, hakuwa anaambukiza alipouma. Ila chanjo ya aliyeumwa ianze bila kungoja siku hizo.